Orodha ya wateja ni mtaji, isilale ndani ya simu moja

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kukuta hapa bei za mazao, thamani ya shilingi na mwenendo wa hisa. Wiki hii tunaomba nafasi tuzungumzie mali ambayo haina bei ubaoni, wala haihesabiwi mwisho wa mwaka mali ya ghalani inapohesabiwa, lakini ikipotea duka huyumba. Mali hiyo ni orodha ya majina na namba za watu unaofanya nao biashara.

Muulize mfanyabiashara wa Kariakoo orodha yake iko wapi. Mara nyingi atakuonyesha simu. Humo mna wanunuzi wa Lubumbashi na Lusaka, wakala wa forodha wa bandarini, dereva wa lori la Tunduma, mwenye kiwanda wa Guangzhou, na mteja wa Mbinga anayenunua mara mbili tu kwa mwaka lakini analipa taslimu. Watu hao wamekusanywa kwa miaka kumi au ishirini, mmoja mmoja. Wote wanakaa ndani ya kifaa kinachoweza kuchomolewa mfukoni kabla daladala haijafika kituo kinachofuata.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mauzo wengi tunalo. Daftari la watu hatuna. Ni maoni yetu kwamba kila mfanyabiashara, hata mwenye meza moja, hana budi kuitoa orodha yake kwenye simu, kuiweka katika faili, kuisafisha, kisha kuiingiza katika kitabu cha anwani kilichoko mtandaoni, katika akaunti ya biashara yenyewe. Lakini tunasema pia kwamba kazi hiyo ikifanywa kwa pupa huzaa hasara ya aina nyingine. Simu ikiibwa unajua siku ile ile. Orodha ikiharibika wakati wa kuhamishwa, unaweza kukaa miezi sita bila kujua.

Mteja hatapiga mwenyewe

Wapo wanaosema namba hazipotei, kwani mteja atapiga tu. Hiyo ni kweli kwa mteja wa kila wiki. Yule wa mara mbili kwa mwaka hapigi. Alizoea kupigiwa yeye, kuambiwa mzigo umefika na bei ni kiasi gani. Akikaa kimya msimu mmoja huenda kwa jirani yako, na huko akipokewa vizuri harudi.

Kuna hatari nyingine ambayo wafanyabiashara wa nchi hii wanaifahamu sana. Ni ule ujumbe wa matapeli unaosema ile hela itume kwenye namba hii. Ujumbe huo ukifika katika simu yenye majina kamili, hautishi. Unaona mara moja kwamba namba iliyotuma si ya yule unayedaiwa naye. Ukifika katika simu mpya isiyo na majina, namba zote ni ngeni, ya tapeli na ya mwenye mali. Mtu mwenye deni la kweli na haraka ya kweli hutuma.

Faili za aina mbili

Kabla ya kuhamisha chochote, ni vizuri kujua chombo unachotumia. Faili zinazobeba majina ziko za aina mbili kuu.

Ya kwanza huitwa vCard. Ilibuniwa mwaka 1995 na umoja wa makampuni ya Apple, AT&T, IBM na Siemens, ili kadi ya biashara iweze kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Toleo lake la nne lilitolewa mwaka 2011, ingawa zipo simu ambazo hadi leo hutoa faili kwa toleo la zamani. Ukifungua programu ya majina kwenye simu yako na kuchagua kutoa majina yote, faili unayopata kwa kawaida ni hii. Jina lake huishia na herufi vcf.

Ya pili huitwa CSV. Hii ni jedwali lililoandikwa kwa maandishi matupu. Kila mtu ana mstari wake, na taarifa zake zimetenganishwa kwa koma. Mstari wa kwanza hubeba vichwa: jina, simu, barua pepe, kampuni. Faili hii hufunguka katika programu za hesabu kama Excel, na kwa hiyo ndiyo inayofaa kusafishia.

Ushauri wetu ni huu. Kama majina yako yote yako katika simu moja na yako safi, tumia vCard moja kwa moja na usihangaike na jedwali. Kama yako katika simu mbili, laini tatu, daftari la karani na kadi za biashara zilizofungwa kwa mpira, hapo huna njia ila CSV, kwa sababu lazima kwanza ukae nayo na kuyapitia.

Sifuri iliyopotea

Hapa ndipo wengi huanguka, na mwandishi wa maoni haya ni mmoja wao. Alichukua faili ya majina mia nne na ushee, akaifungua katika Excel, akasahihisha majina mawili matatu, akaihifadhi na kuiingiza kwenye akaunti yake. Kesho yake kila mtu alikuwa naye mara mbili: mmoja mwenye namba ya zamani, na pacha wake mwenye namba isiyoita.

Sababu ni rahisi kueleza. Excel ikiona tarakimu tupu hudhani ni hesabu. Katika hesabu sifuri ya mbele haina kazi, kwa hiyo huiondoa. Namba inayoanza na 0712 hugeuka kuwa ya 712. Ukiandika kwa msimbo wa nchi, alama ya kujumlisha nayo huondolewa, na kwa kuwa namba sasa ina tarakimu 12, programu huifupisha na kukuonyesha kitu kama 2.55712E+11. Ukihifadhi faili ya CSV katika hali hiyo, kinachohifadhiwa ni kile kinachoonekana. Tarakimu sita za mwisho zimekwenda na hazirudi. Watu wote wenye mwanzo mmoja wa namba wamekuwa mtu mmoja.

Dawa yake haina gharama. Usiifungue faili ya CSV kwa kuibonyeza mara mbili. Fungua jedwali jipya, kisha tumia nafasi ya kuleta data kutoka faili la maandishi, na programu ikikuuliza aina ya kila safu wima, ile ya simu iambie ni maandishi, si hesabu. Kama unaandika upya kutoka kwenye daftari, igeuze safu wima hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kuandika namba ya kwanza. Na faili ya asili iliyotoka kwenye simu iache ilivyo. Fanya kazi kwenye nakala.

Mwenye wateja wa Kongo na Burundi ana jambo moja zaidi la kuangalia. Kompyuta nyingi zilizopangwa kwa Kifaransa hutenganisha taarifa kwa nukta mkato badala ya koma, kwa sababu koma kwao ni ya desimali. Faili iliyotumwa na karani wa Bujumbura inaweza kufika Dar es Salaam na kuonekana kama safu wima moja iliyosongamana. Aidha jina kama André huweza kufika na vinyago badala ya herufi ya mwisho. Wakati wa kuhifadhi, chagua CSV ya UTF-8, na tatizo hilo la herufi litakwisha.

Namba ya Kampala inayoita Dar es Salaam

Kosa la pili ni la msimbo wa nchi. Mfanyabiashara anayeuza ndani ya mkoa mmoja anaweza kuishi maisha yake yote na namba zinazoanza na sifuri. Anayevuka mpaka hawezi. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote zina namba za simu za mkononi zenye tarakimu kumi zinazoanza na 07. Mteja wa Kampala akikuandikia namba yake kwenye karatasi, atakuandikia kama anavyoiandika kwao. Ukiiingiza hivyo hivyo na kuipiga kutoka Dar es Salaam, mtandao utaichukua kuwa ni ya hapa, na anaweza kupokea Mtanzania asiyekujua. Ukituma bei ya jumla kwa ujumbe, umempa bei yako mtu baki.

Kwa hiyo sharti liwe moja bila msamaha: kila namba katika faili ianze na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, sifuri ya mbele ikiondolewa. Tanzania ni 255, Kenya 254, Uganda 256, Rwanda 250, Burundi 257, Kongo 243, Zambia 260, Malawi 265, Komoro 269, Oman 968, Falme za Kiarabu 971 na China 86. Namba kamili ya kimataifa haizidi tarakimu 15 bila kuhesabu ile alama. Ukiona ndefu kuliko hapo, ujue namba mbili zimeshikana.

Wasomaji watauliza kama kazi yote hii inalipa. Tunajibu kwa mfano wa malipo. Tangu M-Pesa ianze kwetu mwaka 2008, biashara nyingi hulipana kwa kuchagua jina kwenye simu na kubonyeza. Jina likiwa limebeba namba ya mtu mwingine, fedha huenda kwa huyo mwingine. Ni kweli mtandao huonyesha jina la mwenye laini kabla hujathibitisha, na tunamsihi kila msomaji alisome. Lakini jina la kwenye usajili mara nyingi si lile unalomwita mtu sokoni, na saa ya kupakia mzigo si saa ya kusoma kwa makini.

Jina gani liandikwe

Fungua simu ya mfanyabiashara yeyote utakuta Juma Voda, Juma Tigo, Mama Tausi Dagaa, Yule wa Vitenge 2 na Fundi Usimpokee. Mwenyewe anawajua. Mwanawe akishika duka siku baba amelazwa, hawajui.

Majina ya mitandao ndiyo mabaya zaidi. Tangu mwaka 2017 mteja nchini anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo mwanzo wa namba hausemi tena mtu yuko mtandao gani. Na Tigo yenyewe ilibadili jina mwaka 2024 ikawa Yas. Juma Tigo amekuwa nani?

Katika jedwali tenga safu wima za jina kamili, jina la biashara, mji, na bidhaa anayonunua au kuuza. Ukiweza, ongeza ya maelezo: analipaje, alinunua lini mara ya mwisho, nani alimleta. Hapo orodha imeacha kuwa kamusi ya namba. Shehena ya mchele ikifika, unachuja mji na bidhaa, na kwa dakika tano unajua wa kupigiwa.

Vichwa vya safu wima lazima vifanane na vile ambavyo kitabu cha anwani kinavitambua, la sivyo taarifa zitaangukia mahali pasipo pake. Njia nyepesi ni kuingia kwenye akaunti, kuandika mtu mmoja wa mfano kwa mkono na kujaza kila nafasi, kisha kumtoa kama faili ya CSV. Vichwa utakavyokuta kwenye faili hilo ndivyo vya kutumia. Usivitafsiri wala kuvirekebisha.

Anza na watano

Faili ikiwa tayari, usiingize wote kwa mkupuo. Kata watu watano: wa Dar es Salaam, wa nje ya nchi, mwenye namba mbili, mwenye barua pepe, na mwenye herufi ngeni. Waingize hao. Fungua simu, piga namba zao, angalia kila kitu kimekaa mahali pake. Kama wamefika salama, ndipo wengine wafuate.

Kwa wanaotumia kitabu cha anwani cha Google, ambacho ndicho kinachokaa katika simu nyingi za Android, akaunti moja hubeba hadi majina 25,000, na kwa mara moja huingizwa yasiyozidi 3,000. Majina yaliyoingizwa pamoja hupewa lebo moja, kwa hiyo ukigundua kosa unaweza kuyafuta yote bila kugusa ya zamani. Vilevile ipo nafasi ya kuirudisha orodha ilivyokuwa wakati wowote ndani ya siku 30 zilizopita. Siku hizo zikipita, umechelewa. Kuhusu majina yaliyojirudia, programu hukupendekezea kuyaunganisha. Usikubali yote kwa kidole kimoja. Akina Mohamed Ali wawili wanaweza kuwa watu wawili kweli, mmoja anakudai na mwingine unamdai.

Akaunti ni ya nani

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko sifuri na msimbo. Orodha ikishaingia mtandaoni inakaa katika akaunti. Je, akaunti hiyo ni ya nani?

Katika maduka mengi, kijana anayejua kompyuta ndiye anayepewa kazi ya kuhamisha. Anatumia barua pepe yake kwa sababu ndiyo iliyopo. Mwaka unaofuata anaondoka kwenda kufungua duka lake, na hakuna aliyeiba chochote, lakini wateja wako wote wamo katika simu yake na wewe huna neno la siri. Tajiri hubaki akimlaumu kijana. Sisi tunamlaumu tajiri. Akaunti ifunguliwe kwa jina la biashara, neno la siri lijulikane na mwenye mali na mtu mwingine mmoja anayeaminika, na namba ya kurudishia akaunti iwe ya mwenye mali, si ya karani.

Mwekezaji mdogo naye ana la kujifunza hapa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 38 kinakataza kampuni kuandika katika mizania yake orodha ya wateja iliyoijenga yenyewe. Kampuni hiyo ikinunuliwa na nyingine, orodha ile ile kwa kawaida hupimwa thamani na kuandikwa. Maana yake ni kwamba unaposoma hesabu za biashara unayotaka kuingiza fedha zako, mali hii haionekani. Lazima uulize. Iko wapi, ni ya mwaka gani, iko katika akaunti ya nani? Mwenye biashara akikujibu kwa kuinua simu yake, fikiri mara mbili.

Mwaka 2015 kampuni ya Marekani iitwayo RadioShack, iliyokuwa ikiuza redio, simu na vifaa vya umeme, ilifilisika. Jina lake pamoja na kumbukumbu za wateja viliuzwa kwa dola milioni 26.2. Wanasheria wakuu wa majimbo kadhaa, Texas likiwa mstari wa mbele, walipinga kwa sababu kampuni ilikuwa imewaahidi wateja kutouza taarifa zao. Mwishowe sehemu tu ya kumbukumbu hizo iliruhusiwa kwenda kwa mnunuzi. Orodha ilikuwa na thamani, lakini thamani hiyo ilikuwa na mipaka, kwa kuwa majina yale yalikuwa ya watu.

Majina ya watu si shamba la bibi

Jambo hilo linatuhusu na sisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika nchini tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Kenya na Uganda zilipata sheria za namna hiyo mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021. Mwenye kukusanya taarifa za watu kwa ajili ya biashara ana wajibu wa kuzitumia kwa lengo alilozikusanyia na kuzilinda, na yapo masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi. Mfanyabiashara mwenye orodha kubwa na amuulize mwanasheria wake kabla Tume haijamuuliza yeye.

Mwenye kudhani hayo ni mambo ya wakubwa na akumbuke mikopo ya mtandaoni, ile iliyoitwa kausha damu. Programu zilizoomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu ziligeuza orodha kuwa dhamana. Mkopaji alipochelewa, wakwe, majirani na wateja wake walitumiwa ujumbe wa kumfedhehesha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mfanyabiashara aliyekopa kupitia kwao aliweka rehani majina ya watu ambao hawakuulizwa.

Kwa hiyo programu yoyote ikikuomba ruhusa ya kusoma majina yako, jiulize inayahitaji kwa kazi gani. Ya tochi haiyahitaji. Ya mkopo haipaswi kuyahitaji. Na faili la CSV ulilotumia kuhamishia lisibaki kwenye kompyuta ya duka la intaneti, wala lisitumwe katika kundi la simu ili fulani akusaidie. Faili hilo halina kufuli. Yeyote atakayelipata amepata duka lako lote.

Tunamalizia kwa ushauri wa kazi. Jumapili hii, duka likiwa limefungwa, toa majina yako kwenye simu na uweke nakala moja ya faili mahali pasipo dukani. Kusafisha kutachukua wiki mbili au tatu za jioni, na hakuna ubaya. Baada ya hapo, kila mwisho wa mwezi unapofunga hesabu, toa nakala mpya na uiweke pamoja na daftari la mauzo. Mtaji wa fedha ukipotea, mtu hukopa akaanza tena. Akianza tena, atahitaji wa kuwapigia.